Mchawi wa karatasi hajaua mtu Buseresere

SEHEMU YA 1

Mama zangu wa Buseresere, wa Katoro hapo jirani, na nyie wote mnaonisoma mtoto akiwa mapajani na simu mkono mmoja, leo siongei chanjo. Yule aliyeniuliza habari ya mtoto kukataa ziwa anivumilie mpaka kesho kutwa. Leo nina hasira, na nataka niimalizie hapa hapa kabla sijaingia zamu.

Jumatatu saa mbili usiku mama mmoja wa mtaani kwetu alinigongea. Nikasema karibu, akakataa kukaa. Akatoa karatasi kwenye pindo la kanga, akaikunjua mezani kwangu kama vile kuna nyoka ndani. Mwandiko wa mtoto wa darasa la sita, herufi kubwa: MCHAWI WA MOTO. Chini yake: Nguvu 9. Akili 16. Uhai 8. Halafu orodha: mikono inayowaka, mishale mitatu isiyokosea, mpira wa moto (bado, mpaka ngazi ya 5). Pembeni kachorwa mtu mwenye kofia ndefu na fimbo.

"Nesi," akaniambia, "mwanangu kasema haya wanafundishwa kwako."

Nikacheka. Nilidhani tutacheka wote. Ndipo akaongeza kwa sauti ya chini: "Na yule bibi wa nyuma yako huwa anakaa nao barazani, si ndiyo? Yule mwenye macho."

Hakusema macho ya namna gani. Hapa kwetu hahitaji kusema. Kicheko kikaniishia kooni.

Nikamwambia, dada, rudi nyumbani ulale, karatasi niachie. Akaondoka. Kesho yake asubuhi kwenye foleni ya maji nikasikia habari imeshakua: bibi anawafundisha watoto uchawi, nesi anatoa nyumba. Kutoka usiku mpaka asubuhi, jamani! Chanjo ingekuwa inasambaa hivyo tungeshamaliza surua.

SEHEMU YA 2

Tuanze na hiyo karatasi, maana wengi mnaihukumu na hamjaisoma.

Ni mchezo. Unaitwa Dungeons & Dragons, umetoka Marekani mwaka 1974, waliotunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mtoto wa dada yangu anasoma Mwanza, akaja likizo na kurasa alizochapisha. Sehemu ya kanuni zake iko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bure tangu 2023. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimulizi anasema "mmefika mdomoni mwa pango, mnasikia sauti", nyie mnasema mtafanya nini, na penye mashaka dadu inaamua. Watoto wa hapa wameuita mchezo wa maduara, kwa sababu wahusika wanashuka chini ya ardhi kutafuta dhahabu na huko chini kuna kinachoua. Nani wa Buseresere hawezi kulielewa hilo?

Dadu tunazo mbili, za ludo. Ile ya namba 20 hatuna, kwa hiyo tumeandika namba kwenye vizibo 20 vya soda tukavitia ndani ya soksi. Unatia mkono, unatoa kimoja. Na kabla hujauliza: hakuna hela. Hakuna anayeweka hata shilingi mia. Wanaume zenu wanaweka mikeka ya mpira kila Jumamosi na sijasikia mtu akinong'ona kwenye foleni ya maji.

Sasa, mtoto aliyeandika karatasi ile kachagua kuwa mtu wa kudhuru. Mama yake hilo ndilo lilimuuma zaidi: "Kwa nini asichague wa kuponya?" Swali la haki. Wa kuponya yupo, ni binti wa jirani, na anatibu vizuri kuliko baadhi yetu. Lakini pangoni kuna majitu, lazima awepo wa kuyapiga. Na ngoja nikuonyeshe namna mtoto anavyomjenga mtu huyo, uone kama kuna shetani humo au kuna hesabu.

Unapewa namba sita za kugawa: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Huwezi kuwa na kila kitu. Mwanao kaweka ile kubwa kwenye akili, kwa sababu moto wa mchawi unatoka kichwani, na ile ndogo kabisa kwenye nguvu. Akiwa binadamu kila moja inaongezeka kwa 1, ndiyo maana unaona Akili 16, Nguvu 9. Matokeo yake ni kijana msomi ambaye hawezi kubeba gunia la mpunga. Uhai wake 8. Goblini mmoja, kijitu kidogo cha pangoni, akimpata mara mbili kwa panga, kalala chini. Huyo ndiye mchawi mnayemwogopa: mtu wa kufichwa nyuma ya wenzake.

Halafu uchawi wenyewe una kipimo. Akiwa ngazi ya 1 ana uwezo wa kutumia moto wake mkubwa mara mbili, kisha mpaka apumzike. (Kuna namna ya kurudisha mara moja akipumzika kidogo mchana, na kuna kacheche kadogo ka kurusha bila kikomo, lakini hako hakatishi.) Siku ya kwanza kijana alimaliza zote mbili kwa goblini mmoja mlangoni. Ndani walikuwepo watano. Alilia kweli kweli, machozi, na wiki iliyofuata akaja na daftari.

Ndani ya daftari mlikuwa na hili, nami nililipenda kama mtu anayepima dozi kila siku. Mikono inayowaka inarushiwa dadu tatu za ludo. Wastani wa dadu moja ni 3 na nusu, mara tatu ni 10 na nusu. Mishale mitatu: kila mmoja unatoa namba kati ya 1 na 4, unaongeza 1; wastani 3 na nusu, mara tatu ni 10 na nusu. Sawa sawa! Akaja mbio jikoni: "Mama Nesi, zinalingana, sasa nichukue ipi?" Nikamwambia tufikiri. Mishale haikosi, lakini ni mitatu tu. Mikono inayowaka inachoma wote walio mbele, watatu, wanne, ila inabidi usimame karibu nao, na wewe uhai wako 8. Na mwenzako akiwa mbele anaungua pia. Kijana wa darasa la sita alikaa na swali hilo mpaka ugali ukapoa. Mwalimu wake wa hisabati akinisoma ajue wastani umeeleweka, tusilaumiane tena.

Akifika ngazi ya 5 ndipo anapata mpira wa moto: dadu nane, wastani 28, na unajaza duara la mita sita kila upande. Kwenye pango jembamba unachoma adui pamoja na ndugu zako. Kwa hiyo kabla hajafika huko anapaswa kuchagua njia ya kusomea, na huyu kachagua ile ya mafundi wa moto, ambayo kuanzia ngazi ya 2 inamruhusu kuwataja wenzake ili moto uwapite bila kuwagusa. Hakuambiwa na mtu. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kama ananishangaa: "Sasa nitawachomaje?"

Haya. Huyo ndiye mtoto anayefundishwa uchawi.

SEHEMU YA 3

Kuna kanuni moja nimeiacha makusudi, maana ndiyo iliyonifanya nikae kuandika haya yote.

Mchawi akitoa mikono inayowaka, aliye mbele yake haungui tu hivi hivi. Anatoa kizibo chake kwanza, anaongeza wepesi wake. Kwa mchawi yule wa karatasi, goblini akifikisha 13 anaumia nusu. Piga hesabu: goblini ana wepesi wa 2, anahitaji kutoa kizibo cha 11 au zaidi, vizibo kumi kati ya ishirini. Nusu kwa nusu. Uhai wake ni 7. Akishindwa, ile 10 na nusu inammaliza. Akifaulu anaumia 5, anabaki na 2 na anaweza kukimbia. Na dadu zinarushwa mezani, mbele ya macho ya wote. Msimulizi hawezi kusema tu "nimeota kwamba goblini kafa".

Goblini! Mwizi, tena wa kubuni. Anapewa nafasi ya kujiokoa.

Yule bibi wa nyuma yangu anapewa kizibo gani?

Niambieni. Mtu akishasema "yule mwenye macho" kwenye foleni ya maji, bibi anatia mkono kwenye soksi ipi? Hayupo wakati anatajwa. Haulizwi. Akikana, si ndiyo wachawi wanavyofanya? Akinyamaza, kakubali. Akilia, anajifanya. Nani kapanga mchezo huu, na kwa nini tunaucheza tangu bibi zetu?

Msinijibu kwamba nazidisha. Hii kanda yetu, Shinyanga, Mwanza, Geita, inajulikana dunia nzima kwa vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 80 walianza na wezi wa ng'ombe, na haikuchukua muda wakawa wanaulizana mchawi ni nani. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Mwezi uliofuata, Februari 2015, hapa hapa wilayani Chato, mtoto mwenye ualbino wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake na kuuawa, maana kuna mtu aliaminishwa kwamba viungo vya mtoto vinaleta bahati ya mali. Huyo mama alikuwa na kliniki kama yenu. Kadi kama zenu.

Na hapa Buseresere kwenyewe hatuhitaji kufundishwa maneno yanavyogeuka mapanga. Februari 2013 ulikuwa ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja. Mchungaji akauawa. Wengi mnaonisoma mlikuwepo, mnakumbuka maduka yalivyofungwa.

Kwa hiyo mkiniambia mchawi wa karatasi ni hatari, nawauliza: kaua nani? Mtajieni mtu mmoja. Wale wengine, wachawi tunaowajenga kwa midomo, makaburi yao yapo.

Na tunawajenga kweli, hata sisi tuna kanuni zetu. Chukua mwanamke. Mpe miaka 70. Muondolee mume. Wanawe wapeleke machimboni, wasirudi. Mpe kashamba ambako mtu anakataka. Mpikishe kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha, mpaka macho yawe mekundu. Tayari. Hana akili 16 wala mpira wa moto, lakini karatasi yake imekamilika na mji mzima unaisoma.

SEHEMU YA 4

Wengine mmeniambia tatizo ni kwamba mchezo ni wa kigeni. Mila zetu hazina mambo hayo.

Jamani. Mmelelewa na nani nyie? Mimi nimelala nikisimuliwa Shing'weng'we, dude lililomeza watu wote na ng'ombe wao, mpaka akaja Masala Kulangwa akalipasua tumbo. Hakuna aliyesema bibi yangu ni mwanafunzi wa Shing'weng'we. Wasukuma wana Wagika na Wagalu, pande mbili za ngoma zinazoshindana mpaka leo, kila upande na dawa zake za kuvuta watazamaji, wengine wanacheza na chatu shingoni, na watu wanatoka mbali kwenda kushangilia Bulabo pale Bujora. Dawa kwa dawa, hadharani, mbele ya watoto. Halafu vizibo vya soda ndani ya soksi ndivyo vinatutisha!

Na hao Wamarekani wenyewe waliogopa kabla yenu. Mwaka 1982 mama mmoja wa Virginia alifiwa na mwanawe wa kiume, kijana aliyejiua. Alikuwa akiucheza mchezo huu. Mwaka 1983 mama yule, Patricia Pulling, akaanzisha chama cha kuupinga, akaenda kwenye televisheni, akawashawishi polisi na makanisa kwamba mchezo unawaingiza watoto kwenye ushetani. Miaka kadhaa vitabu vilichomwa, vijana wakatazamwa vibaya. Waliochunguza hawakupata ushahidi kwamba mchezo ndio uliokuwa unaua watoto.

Simcheki mama yule, na usimcheke. Nimesimama wodini na mama ambaye mtoto wake ametoka kukata roho, najua macho yake yanavyozunguka chumba kutafuta pa kushika. Mtu aliyefiwa atashika chochote kilicho karibu. Kule kilikuwa kitabu. Kwetu ni bibi wa jirani.

Hapo ndipo mimi kama nesi ninapogombana na nyie hasa. Mtoto kashikwa na degedege usiku, mwili unakakamaa, macho yanageuka juu. Hospitali swali letu ni "nini?" Tunapima malaria, tunapima sukari, tunaangalia shingo. Mtaani swali ni "nani?" Na wakati mnatafuta nani, sijui kwa mtaalamu gani, sijui mmeambiwa degedege haichomwi sindano, malaria inaendelea kula ubongo wa mtoto. Nimepokea watoto saa tatu asubuhi ambao walianza kukakamaa saa nne usiku, na kituo kiko mwendo wa bodaboda moja. Wengine tuliwaokoa. Mtoto mwenye homa akikakamaa, akilegea, akishindwa kunyonya au akitapika kila anachokunywa, huyo ni wa kuja sasa hivi. Nani tutamjadili baadaye kama bado mna hamu.

SEHEMU YA 5

Sasa mniulize nilifanya nini, maana kuandika ni rahisi.

Nilienda kwa mwenyekiti Jumanne mchana na karatasi mkononi. Nikamwomba aje yeye mwenyewe, akae, acheze. Alikuja na kofia yake ya uongozi. Akapewa askari mwenye ngao, akafa kwa sababu alikataa kusubiri wenzake. Alicheka, lakini Jumatano alipita nyumba tatu, nasikia na maneno makali, na ile nong'ono ya foleni imepungua. Sijasema imeisha. Nimemwambia bibi asitoke peke yake giza likiingia, na mwanangu mkubwa analala kwake kwa sasa. Sijui kwa muda gani.

Halafu kuna jambo ambalo sijivunii. Niliwaambia watoto wasitamke tena neno "mchawi" wakiwa nje. Mhusika wao sasa anaitwa Fundi Moto. Mama wa yule kijana alifurahi sana, akaniona mtu mwenye busara. Mimi nilijiona mwoga. Nilikubali kwamba neno ndilo lenye kosa, wakati neno halikuwa na kosa lolote. Lenye kosa ni kile tunachofanya baada ya kulitamka. Lakini kati ya hoja yangu na shingo ya bibi nilichagua shingo ya bibi, na ningerudia.

Bibi mwenyewe nilimketisha kivulini, nikamgeuza kope. Muda wote huu nilikuwa namsalimia mwangaluka, mwangaluka, napita, mimi nesi, na sikuwahi kumgeuza kope! Upande wa kulia kope zimegeukia ndani, zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Vikope, mama zangu. Ukichanganya na moshi, macho lazima yawe mekundu. Kope kama zile hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Jicho la kulia limefanyiwa Alhamisi. Alipotoka aliniuliza tu kama watoto wamemaliza lile pango, kwa sababu walikuwa wamemwacha daktari wao mgonjwa na goblini wawili wazima.

Kwa hiyo hawajamaliza, na nyie mnaonong'ona nawaita kwa mdomo wangu. Jumamosi saa tisa alasiri, barazani kwangu, mlango uko wazi. Njoo na mwanao, njoo na wasiwasi wako, kaa usikilize neno kwa neno. Utapewa mhusika. Ukitaka wa kudhuru nitakusaidia kugawa namba, ila uhai wako utakuwa 8 na utakaa nyuma ya mwenyekiti, ambaye kaomba askari mpya. Tunahitaji vizibo vingine, vya zamani namba zimefutika. Bibi atakuwepo. Nyuzi za jicho bado hazijatolewa, msimkodolee macho.